"Ni Shetani Alinituma": Historia ya Swali Tulilovuka Nalo Mpaka



Kamati ya gazeti hili iliniomba niandike historia. Nilijua wanataka ile ya ushirika: nani alianza, maombi ya kwanza yalifanyika chini ya mti gani, turubai la kwanza lilitoka wapi. Hayo wazee wameyaandika kwenye kurasa nyingine, na wao walikuwepo, mimi sikuwepo. Kwa hiyo niliomba ruhusa niandike historia ya kitu kingine ambacho nacho kilivuka mpaka pamoja na sisi. Ni swali moja.

Lilitokea hapa Misiera, Alhamisi, kwenye somo la Biblia. Tulikuwa Mwanzo sura ya tatu. Mwalimu ameshaeleza nyoka, ameshaeleza tunda, sisi tumeitika amina kama kawaida yetu. Ndipo mama mmoja wa kwaya akasimama, akasema kwa Kiswahili chetu cha Kivu: "Pasta, mimi niko na ulizo. Wale watu walikuja kwetu usiku, niliwatambua. Mumoja tulikuwa tunachota naye maji. Sasa leo nikikutana na mutu anasema ni shetani alimutuma, nisamehe nani? Yeye, ao shetani?"

Watu walinyamaza. Pasta alisema tutaliombea, tukafunga kwa wimbo. Wengine walinung'unika kwamba alikwepa. Mimi niliona amefanya vizuri kutojibu haraka, maana lile swali lina umri mkubwa kuliko kambi yetu, na Nakivale yenyewe si ya jana: ilifunguliwa mwisho wa miaka ya 1950, na wazee wa Kinyarwanda walikuwa wanalima hapa kabla Uganda haijapata uhuru.

Turudi kwanza kwenye ile sura. Nilipofika nyumbani niliisoma tena, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona miaka yote ya kuhubiri. Adamu anaulizwa, anamtupia mke wake. Hawa anaulizwa, anamtupia nyoka. Lakini nyoka haulizwi kitu. Anahukumiwa tu. Maswali ya Mungu yote yalikwenda kwa watu. Yaani hata pale ambapo mshawishi yupo, anaonekana, ana ngozi na ulimi, aliyeitwa kujieleza ni yule aliyenyoosha mkono akachuma.

Mtu aliyelishughulikia jambo hili kwa nguvu kuliko wote katika historia ya kanisa alikuwa Mwafrika. Nasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu vijana wetu wakisikia neno falsafa wanafikiri ni mambo ya wazungu. Augustino alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo uko ndani ya Algeria. Mama yake Monika alikuwa mwombaji, sisi tungemwita mama wa machozi. Kijana mwenyewe alikuwa na akili na maringo. Alipofika miaka 16 hivi, yeye na wenzake waliiba mapeasi kwenye mti wa jirani usiku. Hawakuwa na njaa. Mengi waliwatupia nguruwe. Baadaye, akiwa askofu mtu mzima, alirudi kwenye yale mapeasi na kuyachambua ukurasa baada ya ukurasa: kwa nini niliiba kitu nisichokitaka? Angekuwa na njaa, tungesema njaa. Angekuwa na hasira na mwenye mti, tungesema hasira. Hakupata sababu nje yake.

Kabla ya kufika hapo alipotea kwanza. Kwa miaka kama tisa alifuata mafundisho ya Mani, mwalimu aliyetokea upande wa Babeli katika karne ya 3. Wafuasi wa Mani walifundisha kwamba tangu mwanzo kuna falme mbili, nuru na giza, zinapigana. Uovu ni kitu kamili, una nguvu zake na nchi yake, na kipande chake kimekwama ndani ya mwili wako. Sasa sikilizeni, wapendwa. Augustino mwenyewe alikiri baadaye kwa nini mafundisho yale yalimpendeza: yalimwambia kwamba akitenda dhambi, si yeye aliyetenda, ni ile asili nyingine ndani yake. Kiburi chake kilibaki kizima. Tofauti ya lugha tu, lakini ni lile lile alilouliza mama wa kwaya.

Alibatizwa Milano mwaka 387. Mwaka uliofuata, akiwa Roma, alianza kuandika kitabu kuhusu hiari ya mwanadamu, akakimaliza baadaye kule Hippo. Jibu lake lina pande mbili. Kwanza, uovu si kitu ambacho Mungu aliumba, wala si kitu kilichojiumba chenyewe. Ni upungufu, ni wema ulioharibika. Kwa mfano wetu sisi: tobo kwenye turubai la UNHCR si kitambaa cha aina nyingine. Huwezi kulikata ukalipeleka sokoni. Lakini mvua ya Nakivale ikija usiku, muulize mwenye watoto kama tobo ni bure! Pili, tobo hilo linaanzia kwenye kuchagua. Mungu alimpa mtu uwezo wa kutaka, na uwezo huo ni mzuri, kwa sababu bila huo hakuna mtu anayeweza kupenda kweli wala kutii kweli. Aliyeugeuza upande mbaya ni mtu.

Uzeeni Augustino aliongeza jambo jingine. Alipobishana na Pelagio, mtawa kutoka Uingereza aliyefundisha kwamba mtu akiamua tu anaweza kuishi bila dhambi, alisema hapana, hiari yetu imejeruhiwa, inahitaji neema ndipo isimame. Sisi Wapentekoste tunahubiri yote mawili Jumapili moja: asubuhi tunasema amua leo, mchana tunasema peke yako huwezi. Sioni aibu katika hilo. Aliyejeruhiwa mguu bado anaulizwa alikuwa anakwenda wapi.

Kabla sijafika nyumbani kwetu, niseme kidogo juu ya mabaya yasiyo na mkosaji, kwa sababu watu wanayachanganya. Tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, makanisa ya Lisbon huko Ureno yakiwa yamejaa, ardhi ilitetemeka, bahari ikafuata, moto ukafuata. Ulaya nzima iligombana: Mungu yuko wapi? Sisi wa Goma tunaijua hiyo. Januari 2002 Nyiragongo ilishusha moto mpaka katikati ya mji, na Mei 2021 ikalipuka tena. Watu waliopoteza nyumba kwenye lava walilia, lakini hakuna aliyeuambia mlima utubu. Mlima hauna toba. Mwanafalsafa Immanuel Kant wa Königsberg aliandika kuhusu lile tetemeko la Lisbon kama jambo la ardhi na miamba, halafu mwaka 1793 akaandika kitabu cha dini ambamo alisema shina la uovu wa mtu haliko kwenye mwili wala kwenye tamaa peke yake. Liko kwenye mpangilio: mtu anaijua sheria iliyo sawa, lakini anaweka nafsi yake juu yake. Na kama dhamiri inakuambia ilikupasa kufanya vingine, maana yake uliweza. Kant ni mgumu kusoma, simpendekezi kwa mtu mwenye usingizi, lakini hapo alisema kweli.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1929, pale Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana, wakasoma na kuomba pamoja. Moto ule ukashika Gahini, kando ya ziwa Muhazi nchini Rwanda, katika miaka ya 1930, ukavuka hadi Kabale, ukaenea Ankole yote na mbele zaidi, hadi Burundi, Kenya na Tanganyika. Wazee wa Mbarara bado wanawaita Abarokole. Wapentekoste wa kwetu wana mzizi mwingine, wa wamisionari wa Uswidi waliofika Kongo upande wa Uvira mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakaingia Burundi mwaka 1935 na Rwanda, pale Gihundwe, mwaka 1940. Lakini namna yetu ya kushuhudia, tukubali, tumeichukua kwa Abarokole.

Na kiini chake kilikuwa nini? Kilikuwa neno "mimi". Mtu alisimama hadharani akasema: mimi niliiba, mimi nilidanganya, mimi nilimchukia fulani. Watu walirudisha mashuka na vyombo vya hospitali, walirudisha pesa kwa matajiri wao wa kazi. Hawakusema roho ya wizi iliniingia. Kama ni wizi, uliitwa wizi, na mwizi alikuwa na jina.

Hapa ndipo historia inapouma, na siwezi kuiruka. Katika miaka ile ile ambayo moto uliwaka Gahini, 1933 na 1934, serikali ya Wabelgiji ilihesabu watu wa Rwanda na kuwaandika mmoja mmoja: huyu Mhutu, huyu Mtutsi, huyu Mtwa. Kitambulisho kikatolewa. Miaka 60 baadaye kitambulisho hicho kilikuwa hukumu ya kifo kwenye kizuizi cha barabarani. Nchi ile ile iliyozaa uamsho ilizaa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na watu wengi waliuawa ndani ya makanisa. Nimejiuliza mara nyingi, na nadhani (ni maoni yangu, ndugu wanaweza kunipinga) kwamba toba ilipungua ukubwa. Ilibaki toba ya pombe, ya tumbaku, ya uzinzi. Chuki ya kabila haikuitwa tena dhambi ya "mimi", ikawa mambo ya siasa, mambo ya "wao".

Chukueni kilima kimoja tu, Nyange, upande wa magharibi wa Rwanda. Aprili 1994 watu walikimbilia kanisa la parokia. Tarehe 16 Aprili kanisa lilibomolewa juu yao kwa tingatinga, katapila kama tunavyosema. Watu kama 1,500 walikuwa ndani. Padri wa parokia, Athanase Seromba, alishtakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa kule Arusha. Desemba 2006 alipewa miaka 15. Kwenye rufaa, Machi 2008, akapewa kifungo cha maisha. Fikirini sababu. Hakuendesha lile tingatinga. Majaji wa rufaa waliona kwamba alikubali kanisa libomolewe, akamtia moyo dereva kwa maneno, hata akamwonyesha upande ulio dhaifu. Mahakama haikumuuliza ni pepo gani. Ilimuuliza ulisema nini, ulisimama wapi, ulijua nini. Hata gacaca, mahakama za vijijini ambazo Rwanda ilizifunga Juni 2012 baada ya kesi karibu milioni 2, zilidai mtu ataje alichofanya, aliyekuwa naye, na mahali maiti zilipo. Wengi walisikika wakisema shetani aliwaingia. Lakini shetani hajui kaburi liko wapi, au kama anajua, hasemi. Ni mtu ndiye aliyepaswa kuonyesha.

Naongeza kwa haki: si wote walikuwa sawa. Kulikuwa na waliopanga, kulikuwa na waliofuata, kulikuwa na waliolazimishwa kwa bunduki. Sheria ya gacaca yenyewe iliwaweka katika makundi. Uhuru una kiasi, kama vile nguvu ina kiasi. Kiasi kidogo si sawa na hakuna.

Kiasi kidogo kinaweza kufanya nini? Turudi kilima kile kile. Tarehe 18 Machi 1997, jioni, wanafunzi wa sekondari ya Nyange walikuwa darasani wakijisomea. Watu wenye silaha waliingia, wakawaamuru watengane, Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana walikataa. Walijibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda. Walipigwa risasi na mabomu ya mkono, wengine walikufa, wengine wakabaki na majeraha mpaka leo. Taifa lao limewaweka katika daraja la mashujaa linaloitwa Imena.

Wiki sita baadaye, tarehe 30 Aprili 1997, nchi nyingine, mpaka mwingine: seminari ndogo ya Buta, mkoa wa Bururi, kusini mwa Burundi. Waasi waliingia alfajiri mabwenini na kutoa amri ile ile. Vijana walikataa vile vile. Waliuawa 40, Wahutu na Watutsi, wakazikwa pamoja palepale shuleni.

Najua kuna atakayesema, hao walikuwa Wakatoliki, hawakuwa wa kwetu. Ndiyo. Na yule padri wa Nyange naye. Basi jina la kanisa halijatusaidia kujibu.

Nimekaa na habari hizi mbili muda mrefu. Wale vijana hawakuwa na uhuru wa kuishi, huo walinyang'anywa na wenye bunduki. Hawakuwa na uhuru wa kutoka, kusoma, kuoa. Walibakiwa na uhuru wa ukubwa wa hatua moja: kusogea kulia au kutosogea. Hawakusogea. Sasa kama tunasema muuaji hakuwa na hiari, ni shetani tu aliyemsukuma, basi lazima tuseme na hawa hawakuwa na hiari, ni nguvu nyingine tu iliyowashika miguu. Tutakuwa tumemwondolea muuaji hatia, na kwa mkono huo huo tumewaibia vijana wale tendo lao. Mimi siwezi. Roho Mtakatifu aliwatia nguvu, naamini hivyo. Lakini aliyebaki amesimama mahali pake ni mtoto wa mtu, mwenye jina, aliyekuwa na daftari mezani.

Kuna hatari ya upande wa pili, na hiyo imetokea karibu na sisi. Wengine wakishaona kwamba uovu unapitia kwenye hiari, wanaamua kuiua hiari yenyewe. Huko Kanungu, magharibi mwa Uganda, kulikuwa na kundi lililojiita la kurudisha Amri Kumi za Mungu, likiongozwa na Joseph Kibwetere, Credonia Mwerinde na padri Dominic Kataribaabo. Waumini waliuza mali zao. Walifunga kula. Na mnakumbuka jambo lililowashangaza majirani? Hawakuongea. Waliwasiliana kwa ishara za mikono, ili wasije wakaivunja amri inayokataza kushuhudia uongo. Yaani ulimi unaweza kudanganya, basi tuufunge ulimi! Mwisho wa dunia walioutangaza mwisho wa mwaka 1999 ulipita. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu, pamoja na watoto, waliteketea kwa moto ndani ya nyumba yao ya ibada, milango ikiwa imefungwa. Baadaye maiti nyingine nyingi zilifukuliwa katika nyumba za viongozi. Watu waliokabidhi kuchagua kwao kwa viongozi ili wasitende dhambi, hawakubakiwa na mtu wa kusema hapana siku ile ilipohitajika hapana. Wenzetu wa Mbarara mjini, ninyi mlio karibu zaidi na habari hizo, mnaelewa kwa nini natetemeka nikisikia mhubiri anasema usifikiri, tii tu.

Sasa mnisamehe, nageukia nyumba yetu. Tunatoa pepo, na mimi ninaamini tunatoa kweli. Nimeona. Lakini tumejizoeza kuliita kila jambo roho: roho ya hasira, roho ya ulevi, roho ya uvivu, roho ya kukopa bila kulipa. Alikuwepo ndugu mmoja kwetu aliyempiga mke wake mpaka jirani wakaingia. Tulimwita mbele, tukamwekea mikono, tukakemea roho ya hasira, akaanguka, tukashangilia. Mke alikuwa benchi la nyuma, jicho limevimba. Hakuna aliyemwambia yule ndugu amgeukie mke wake. Tulikuwa tumemaliza kazi na aliyetoka, hatukuwa na kazi na aliyebaki. Mimi nilikuwa mmoja wa waliomwekea mikono.

Baada ya ile Alhamisi, wazee walimwita tena. Hakukuwa na ngoma wala kipaza sauti, ni viti vya plastiki tu nyuma ya kanisa, yeye na mke wake na wazazi wa pande zote mbili waliopo kambini. Mzee mmoja akamwambia, "Mwanangu, eleza." Akaanza, "Wazee wangu, shetani ali..." Mzee akainua mkono, hakusema neno. Tulingoja. Mtu alipita na baiskeli yenye jerikeni za maji, tukamsikia mpaka akaishia barabarani. Yule ndugu alitazama mikono yake, akasema, "Nilimupiga. Mimi. Alikuwa amenyamaza na nikaendelea kumupiga."

Mke hakujibu siku hiyo. Alisema atafikiri, na wazee walimwambia ni haki yake, hakuna wa kumharakisha. Mpaka naandika hivi bado hajasema.

Na mama wa kwaya naye hajapata jibu lake lote. Yule aliyekuwa anachota naye maji hayuko hapa Misiera, hajulikani aliko. Lakini alinisimamisha kwenye foleni ya chakula wiki iliyopita akaniambia, "Mwalimu, kama ni yeye, basi na mimi niko na kitu ya kumuambia. Shetani singelikuwa na kitu ya kumuambia." Kisha akaulizia somo. Nikamjibu kwamba Alhamisi ijayo tunaingia sura ya nne, pale Mungu anapomuonya Kaini kabla hajamuua ndugu yake, wakati bado angeweza kugeuka. Akacheka, akasema ako tayari na ulizo lingine.